Skrini ya Watu Wote

Kazi ya saiba mjini Machakos haina siri. Mteja hakai kwenye kiti ulichomwekea. Huzunguka meza akasimama nyuma ya bega lako, akakupumulia sikioni, huku akikuelekeza kwa kidole kilichotoka kushika chapati. Nyuma yake yupo binamu aliyemsindikiza, na nyuma ya binamu yupo mtu asiyehusika kabisa, aliyeingia kukimbia jua. Wote wanasoma. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba ukubwa wa skrini ni suala la mwenye kompyuta, jua hajawahi kujazia watu ritani.

Nasi hujaza. Mwezi wa Juni ndio msimu, kwa kuwa tarehe 30 ndiyo mwisho wa kuwasilisha ritani kwa KRA, na Mkenya wa kawaida huikumbuka tarehe 29 jioni. Msimu ukipita zipo fomu za HELB, vyeti vya kuzaliwa vya eCitizen, kadi za harambee na barua za kuomba kazi. Takriban zote zinadai madirisha mawili kwa wakati mmoja: huku karatasi ya mteja iliyoskaniwa, huku fomu ya serikali. Skrini yangu ilikuwa ya inchi 17, ile ya zamani iliyokaribia umbo la mraba, na madirisha mawili juu yake yaligombania nafasi hadi moja likalala chini ya jingine. Ikabidi nikariri nambari ya kitambulisho, nifungue dirisha la pili, niiandike, nirudi. Mteja naye akiona karatasi yake imetoweka anashtuka: "Umeifuta?"

Fundi wa kompyuta, ambaye hula chakula cha mchana kwenye kaunta yangu bila kualikwa, alikuwa na dawa tayari.

"Bosi, chukua mbili za inchi 22. Ishirini na mbili kuongeza ishirini na mbili ni arobaini na nne. Hiyo moja ya 32 unayoitamani itafikia wapi?"

Hesabu hiyo ilinipendeza sana, nikaipeleka nyumbani. Bahati mbaya mke wangu hufundisha hisabati shule ya upili. Aliweka chini kijiko cha muthokoi, akachukua kalamu nyekundu.

"Baba watoto, inchi za skrini hupimwa kutoka pembe hadi pembe. Huwezi kujumlisha pembe."

Akamwita Pythagoras mezani. Skrini ya 22 ya umbo hili la kisasa ina eneo la inchi za mraba kama 207. Mbili ni 414. Ile ya 32 peke yake inafika 437. Kwa maneno mengine, mbili za 22 zikiunganishwa ni sawa na moja ya inchi 31 na ushee, wala si 44. Akaongeza, kwa ile sauti ya kidato cha pili, kwamba kipimo hiki ni urithi wa enzi ambazo kioo cha televisheni kilikuwa duara na watu walitaja kipenyo chake. Kioo kikapata pembe nne, mazoea yakabaki.

Sikubishana. Sisi tuna Kituluni, nje kidogo ya mji, mahali ambapo ukimwaga maji barabarani huonekana yakipanda mlima, na gari lililotolewa gia hujongea kuelekea juu. Wanaoielewa ardhi husema ni macho yanayodanganywa na mwinamo wa vilima. Mtu aliyekulia karibu na barabara ya aina hiyo hana haki ya kuapa kwamba 22 na 22 ni 44 kwa sababu tu inaonekana hivyo.

Nilitafuta pia ushauri wa ng'ambo. Mwaka 2006 Bill Gates alieleza kwamba mezani pake ana skrini tatu: moja ya orodha ya barua pepe, ya katikati ya barua anayoisoma, ya tatu ya intaneti. Vizuri, lakini yeye hanunui tokeni za stima za shilingi 100. Mwaka 2008 Chuo Kikuu cha Utah kilitoa utafiti uliosema kwamba wenye skrini moja pana ya inchi 24, na wenye mbili za 20, waliwashinda mbali kwa kasi wale wa inchi 18, ila waliopewa ya 26 wakaanza kuzubaa tena. Nilipoona kwamba gharama zililipwa na NEC, watengenezaji wa skrini, nilicheka peke yangu. Bado niliona aibu kidogo kupita 26 na kwenda 32, ila Pythagoras alikuwa ameshahukumu.

Nilinunua Nairobi, mtaa wa Luthuli, nikabeba boksi hadi stendi ile inayoitwa Machakos ingawa mabasi yake mengi huelekea Busia na Kisii. Makanga akalitazama.

"Huyu naye analipa."

"Huyu ni sanduku."

"Limekaa?"

"Limekaa."

"Basi ni abiria."

Nililipa. Tulipokaribia Mlolongo akaona polisi mbele, akanyoosha mkono akalifunga boksi mkanda, maana tangu sheria za Michuki za mwaka 2004 kila kilichokaa hufungwa. Mimi mkanda wangu ulikuwa umekatika. Kwa hiyo kutoka pale hadi Kyumbvi skrini ilisafiri kihalali na mwenyewe akasafiri kwa neema ya Mungu.

Siku ya kwanza wateja waliisifu mno. Wazee waliacha miwani mfukoni. Hapo ndipo hesabu ya pili ilipojitokeza, ambayo kalamu nyekundu haikuigusa. Skrini ile ina nukta 1,920 kwa upana na 1,080 kwa kimo. Ya inchi 22 mara nyingi huwa na nukta hizohizo. Eneo lilikuwa limekua, nukta hazikuongezeka. Kila herufi imenenepa tu mahali pake. Madirisha mawili yakigawana, kila moja linapata nukta 960, na fomu nyingi za mtandaoni huhitaji zaidi ya hapo, hivyo kitufe cha kutuma kinajificha kulia. Skrini mbili za 22 zingenipa nukta 3,840 kwa upana. Fundi alikuwa amepatia kwa hesabu mbovu, mwalimu amekosa kwa hesabu safi, na hadi leo sijawaambia wote wawili wakiwa chumba kimoja.

Herufi nene zilikuwa na shida nyingine. Zilisomeka kutoka mlangoni. Mfanyabiashara mmoja aliketi kwa heshima zake kuwasilisha ritani ya sufuri, na kabla sijabonyeza, foleni ikanong'ona kwa sauti ya kusikika hadi duka la dawa: "Sufuri? Na yale malori mawili ya mchanga?" Akaondoka bila kuwasilisha. Januari, matokeo ya KCSE yalipotoka, kijana aliinama kuona alama zake, na watu wote waliokuwepo wakaziona pamoja naye. Mama mmoja asiyemjua kabisa akampapasa mgongo: "Usilie, mwanangu. Polisi huchukua D+." Kijana hakuwa amelia. Alianza hapo.

Halafu kukawa na CHAN. Agosti 2025 mashindano hayo ya soka ya Afrika yaliletwa kwetu, Tanzania na Uganda, na Harambee Stars, baada ya kuwalaza Morocco, wakafika robo fainali dhidi ya Madagaska. Jioni ya tarehe 22 saiba ilijaa watu ambao hawajawahi kuchapa hata ukurasa mmoja. Nusu ya skrini ilikuwa mpira wa Kasarani, nusu ombi la cheti cha kuzaliwa la bwana aliyeshikilia kwamba kazi iendelee kwa sababu amelipa.

"Jina kamili la mtoto?"

"Kipa!"

"La mama yake?"

"Toka golini, wewe!"

Matangazo ya intaneti huchelewa kidogo, na baa ya jirani ilikuwa na dishi. Kila penalti ilipofika, kelele za baa zilitangulia kutuambia matokeo, nasi tukabaki kumtazama mchezaji akitembea taratibu kwenda kukosa kitu ambacho tayari tumekiomboleza. Tulitolewa kwa 4-3. Mwenye ombi alisema atarudi kesho, jina la mtoto alikuwa amelisahau.

Skrini ile nilimuuzia mwenye baa. Nikachukua mbili za 22 za mitumba, na fundi akaja kuziunganisha akiwa na uso wa mtu aliyethibitishwa na historia. Zina nyaya! Syokimau, nabii wa Wakamba, aliona mapema nyoka mrefu wa reli akitambaa kutoka baharini. Walio chini ya meza yangu hakuwataja. Moja inataka VGA, nyingine HDMI, na kompyuta ina tundu la aina ya tatu, ambalo adapta yake ilipatikana kwa bei ya kukasirisha.

Moja inanitazama mimi, ya pili nimeigeuzia mteja ili akae kitini mwake. Anakaa. Sasa ananihariri kutoka alipo. Nikivusha mshale kwenda kwangu anauona ukitoka nje ya kioo chake, anainuka kuufuata. Tena mitumba haikuzaliwa siku moja: ya kwangu huonyesha rangi kwa joto, ya mteja ina ubuluu wa baridi. Maharusi walikuja kutengeneza kadi ya mwaliko. Bwana, aliyesimama upande wangu, aliipenda hiyo rangi ya maziwa. Bibi, aliyekaa upande wa mteja, alisema ni ya kijivu na kwamba yeye hafungi ndoa ya kijivu. Walibishana hadi mambo ya mahari yakaguswa. Nikachapa nakala moja kuwapatanisha. Printa ikatoa waridi. Wote wawili wakaichukia, wakatoka wameshikana mikono.

Lakini aliyenishinda ni nyanya mmoja, susu kwa Kikamba, wa kutoka pande za Iveti, aliyekuja kupigwa picha ya pasipoti. Nilipoifungua ikatokea kwenye vioo vyote viwili, susu kushoto, susu kulia, leso moja, tabasamu moja. Alitazama huku, akatazama kule.

"Mwanangu, niliomba picha ya mtu mmoja."

"Ni wewe mwenyewe, susu. Hii ni ya kukuonyesha tu."

"Wa pili anafanya nini?"

Nilieleza habari ya waya na nukta. Alinisikiliza kwa subira kubwa, akahesabu sarafu za picha moja, akaziweka mezani. Alipokuwa mlangoni akageuka. Yeye hupokea Inua Jamii, ile shilingi 2,000 kwa mwezi wanayopewa wazee waliotimiza miaka 70.

"Huyo mwingine umzime kabla ya mwisho wa mwezi," akasema. "Asije akatangulia benki."