Mti wa Mgeni Rasmi

Siku ya Taifa ya Kupanda Miti nchini Tanzania huadhimishwa tarehe 1 Aprili. Ndiyo, Aprili mosi, siku ambayo watu hupigiana simu kuambiana kwamba mishahara imepanda. Kwa ndugu zetu wa Kilimanjaro, Tanga na Pwani tarehe hiyo imekaa vizuri, kwani masika yamekolea na hata mpini wa jembe ukiuchomeka ardhini unaweza kukuotea. Dodoma ni habari nyingine. Huku msimu wa mvua ni mmoja tu. Unaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba, na Aprili ikiingia mawingu yanafunga virago. Mche unaopandwa siku hiyo unapokewa na kiangazi cha nusu mwaka na ushee.

Hayo hayakumzuia mtu yeyote ofisini kwetu kujitolea. Tangazo lilibandikwa ubaoni: twende tukapande miti katika shule moja ya msingi, kijijini, wilaya ya Chamwino. Usafiri upo, fulana zipo, chakula kipo. Hilo la tatu ndilo lililojaza basi. Sisi wengi ni wa kuhamia, tumeletwa Dodoma na kazi, na kijiji tulikuwa tunakiona kupitia dirisha la gari tu.

Tuliondoka alfajiri tukiwa na fulana za kijani, kofia za kijani, spika mbili kubwa, mshereheshaji, mpiga picha na keki yenye umbo la mbuyu. Majembe tuliambiwa yatakuwepo shuleni. Shule nayo iliambiwa kwamba wageni wanakuja na majembe.

Mwalimu mkuu alitupokea kwa bashasha. Akachungulia chini ya basi, akatazama juu ya basi, kisha akauliza kwa adabu, "Vifaa viko gari la nyuma?" Nyuma yetu palikuwa na vumbi tu.

Aliyeokoa jahazi ni mwalimu wa mazingira, mama mmoja mfupi aliyejifunga kitenge juu ya viatu vya mvua. Aliiendea rimu ya gari iliyoning'inizwa mtini, akaigonga kwa chuma, na wanafunzi wakatumwa makwao kuleta majembe. Haukupita muda wakaanza kurudi mmoja mmoja, jembe begani, mengine yakiwa marefu kuliko wenyewe. Mimi nikaangukia kwa kijana wa darasa la nne mwenye kaptula ya kaki iliyofungwa kwa kamba.

"Shikamoo, anko."

"Marahaba, hujambo?"

"Sijambo. Bibi amesema lisivunjike."

Bwana miti alikuwa ameagiza mashimo ya sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Ardhi ya pale haikuwa imepata nakala ya maagizo hayo. Pigo langu la kwanza lilitoa cheche. La pili likatoa mpini. Jembe likaruka upande wa spika, mimi nikabaki na kipande cha mti mkononi, na mwenye mali akanitazama kimya kwa macho ya hakimu. Hakusema kitu. Aliliokota jembe, akaurudisha mpini tunduni, akaugonga kwa jiwe, kisha akalizamisha lote kwenye ndoo ya maji ili ubao uvimbe na kukaza. Lilipokaza hakunirudishia. Alichimba mwenyewe, nami nikapewa kazi ya kutoa udongo kwa sahani.

Wenzangu nao hawakukosa ya kwao. Dada mmoja wa uhasibu alikuwa anapanda kwa kasi ya kutisha, shimo baada ya shimo, mpaka mtoto wa darasa la tatu aliyekuwa akimfuata nyuma akashindwa kuvumilia: "Anti, unaizika na koti." Alikuwa hajavua hata kiriba kimoja. Mizizi ikifungiwa kwenye nailoni hujizungusha humohumo mpaka mche unakufa ukiwa umesimama. Watoto walilifahamu hilo kama wanavyofahamu jedwali la mbili. Wakaifukua miche yote, wakaivua, wakaipanda upya, huku anti akipigwa picha na wa mwisho.

Nusu ya miche lakini ilibaki juani, kwa sababu kiitifaki kazi ilikuwa bado haijafunguliwa. Mgeni rasmi alitarajiwa saa tatu asubuhi. Saa nne wanafunzi waliimba. Saa sita waliimba tena nyimbo zilezile. Saa saba tukala ugali wa uwele na mlenda, ambapo mwenzetu mmoja aliomba uma. Akapewa, na fulana yake ya kijani ikawa ya kijani zaidi.

Mheshimiwa alifika saa nane. Shimo lake lilikuwa limechimbwa tangu jana yake, likajazwa samadi, likazungushiwa mawe yaliyopakwa chokaa. Pembeni kilisimama kibao chenye jina lake, cheo chake na tarehe. Maji ya kumwagilia yaliletwa kwenye jagi la kioo. Mpiga picha hakuridhika na mwanga, kwa hiyo ule mche uliingia shimoni, ukatolewa, ukaingizwa tena, ukatolewa tena, mpaka majani yakaanza kulegea kwa uchovu. Tukapiga makofi. Ikafuata hotuba ndefu kuhusu umuhimu wa kivuli, tukaisikiliza juani.

Mbuzi walikuja wakati wa picha ya pamoja. Ni vizuri mjue kwamba sehemu kubwa ya miche tuliyoleta ilikuwa milusina. Mlusina ni mti wa maana: unakua haraka, unarutubisha udongo, na majani yake wataalamu wa mifugo huyasifu kama lishe bora ya mbuzi. Mbuzi wa kijiji kile hawajahudhuria semina yoyote, lakini msimamo wao ni huohuo. Wakati sisi tunaambiwa tutabasamu, wao walikuwa wameshamaliza safu ya kwanza na wanaingia ya pili kwa nidhamu kubwa. Mzee mmoja wa kamati ya shule, ambaye alitusalimu "Mbukwenyi" asubuhi na hakusema neno jingine kutwa nzima, aliegemea fimbo yake akasema, "Wageni wametuletea majani. Mungu awabariki."

Nilipita tena pale Oktoba, nikitoka kwenye msiba kijiji cha jirani. Kibao cha mgeni rasmi kilikuwa kimesimama imara, jina linasomeka, chokaa bado nyeupe. Mti haukuwepo. Lakini kuzunguka madarasa kulikuwa na miche hai, tena mingi kuliko nilivyothubutu kutegemea. Kila mmoja ulikuwa ndani ya boma dogo la matawi ya miiba. Kando ya shina lake ilichomekwa chupa ya plastiki, mdomo chini, kizibo kimetobolewa kwa msumari, inadondosha maji tone kwa tone. Mwalimu wa mazingira alinieleza utaratibu. Kila mwanafunzi ana mti wake. Asubuhi anakuja na dumu la lita 5, sehemu ya uji wa shule, sehemu ya mti. Maji ya kuoshea vyombo hayamwagwi. Ukifa mti wako, Desemba unapanda mwingine. "Desemba?" niliuliza. "Ndiyo mvua inapoanza," alinijibu, kwa upole uleule anaoutumia kwa darasa la kwanza.

Kisha akanipeleka nyuma ya vyoo kunionyesha kisiki. Kilikuwa kisiki cha mti uliokatwa zamani kwa mkaa, na pale walipoacha kukikata kilitoa machipukizi chungu nzima. Wanafunzi walichagua matatu yaliyonyooka, wakapogoa mengine yote, wakayafunga hayo matatu kitambaa chekundu ili kila mtu ajue yana mwenyewe, na mbuzi wakazuiwa. Sasa yamenipita kimo. Mizizi iko chini siku nyingi, kwa hiyo hayaombi hata kikombe cha maji. Nikauliza nani aliyeupanda mti huo. "Mungu," alisema, "na kibao hakuweka."

Njia hiyo si ya kubuni jana. Tony Rinaudo wa Australia aliianza na wakulima wa Niger mwaka 1983, na mkoani Dodoma taasisi ya LEAD Foundation pamoja na Justdiggit wameieneza kwa jina la Kisiki Hai. Wenyeji wa Kondoa nao wana ushahidi wa zamani zaidi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma ulianza mwaka 1973, na mifugo ilipoondolewa kwenye maeneo yaliyomomonyoka mwaka 1979, uoto ulirudi ambako watu walikuwa wameshakata tamaa. Hakuna aliyekata utepe.

Wala wakubwa hawakuepuka msiba huu wa miche kufa baada ya sherehe. Tarehe 5 Juni 1977 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipanda miti 7 pale Kamukunji, Nairobi, kwa maandamano na heshima zote. Mitano ikafa kwa kukosa wa kuitunza. Baadaye harakati yake ya Green Belt Movement ikaweka utaratibu wa kuwalipa akina mama senti chache kwa kila mche, si uliopandwa, bali uliopona. Mwaka 2004 Maathai akapewa Nobeli ya Amani. Nadhani mwalimu wangu wa viatu vya mvua angeelewana naye haraka sana.

Kwa hiyo ninyi mnaokusanya michango ya fulana kwa ajili ya Aprili ijayo, kama mnakuja Dodoma, sogezeni safari hadi Desemba. Majembe mje nayo, na mipini muikaze kabla ya kuondoka. Hela ya kibao nunueni madumu. Milusina ipandeni ndani ya uzio, au msiilete. Mgeni rasmi mwalikeni Oktoba, aje akague, na atembee kwa miguu mpaka nyuma ya vyoo. Na mkifika kwenye kuandika taarifa, ile safu ya "miti iliyopandwa" ifuteni. Mpigieni simu mwalimu wa mazingira, mumwulize mingapi iko hai, na muandike hiyo.