Pikipiki Inakula Oili? Ipeleke Ilula

Kwanza, hongera. Pikipiki ikianza kula oili, maana yake mkataba umekaribia kwisha. Hapa Vingunguti ndivyo tulivyozoea: bosi anakupa chombo kipya, nailoni bado iko kwenye siti, nawe unampelekea hesabu ya elfu kumi kila siku, mwaka mzima na ushee, jua lake mvua yake. Siku anayokukabidhi kadi, eksozi inatoa moshi wa kwanza wa bluu. Chombo sasa ni chako. Moshi nao ni wako.

Na mtu aliyemaliza mkataba hatulii kijiweni. Anataka akaonekane kwao. Mimi kwetu ni Ilula, takriban kilomita 450 kutoka hapa Machinjioni, na mwongozo huu nauandika kwa faida ya wote wanaokusudia kupanda mlima Kitonga na chombo ambacho hata Buguruni kinafika kwa dua.

Jambo la kwanza ni kuacha kupima oili. Kile kijiti ni mmbeya. Kimekaa kimya mwezi mzima, siku ukikichomoa kinakutolea mambo yote ya ndani ya nyumba yako. Waliosoma watakwambia simamisha pikipiki kwa stendi mbili mahali palipo tambarare, injini iwe ya moto kidogo, uizime, usubiri dakika chache oili ishuke, ndipo utazame. Huo ni ushauri wa watu wasio na abiria wanaosubiri. Wewe ukilazimika kabisa, pima ikiwa imeegemea stendi ya pembeni. Ukiona oili inatosha, amini. Ukiona imepungua, sema ni kwa sababu imelala upande.

Mjini mbinu hii haijawahi kuniangusha, na sababu yake ni nzuri kweli. Injini ya cc 150, iwe Boxer, TVS au ya Kichina, hubeba kama lita moja tu ya oili, wakati gari dogo hubeba kama lita nne. Mjini unatembea taratibu, foleni ya Tazara hadi Buguruni, shusha, pakia, na kila baada ya wiki moja au mbili unamwaga oili na kuweka mpya. Kile kilichopungua humo katikati hakuna aliyekiona. Ukimwaga, inatoka nyeusi, na kitu cheusi hata kikiwa kidogo huonekana kingi. Hivyo basi unaweza kuishi na pikipiki mlevi miezi sita ukaapa mbele ya watu kwamba haijawahi kugusa kinywaji.

Kabla ya safari, mwone fundi, lakini usimsikilize. Wangu alikaa nyuma ya eksozi, akaniambia nivute moto, akanusa kama mtu anayeonja supu.

"Kaka, ringi zimekwisha."

Akanichorea mchangani. Pistoni ina ringi tatu. Mbili za juu kazi yake ni kuzuia gesi isishuke, ya chini inakwangua oili kwenye kuta za silinda ili isipande chumba cha moto. Ile ya chini ikichoka, oili inapanda na kuungua pamoja na petroli, na hapo unalisha chombo vyakula viwili kwa kipato kimoja. Nikamuuliza nani kaiua. Akafungua boksi la filta ya hewa: tupu. Niliitoa mwenyewe mwaka jana, kijiweni walisema pikipiki itapumua vizuri. Imepumua kweli, vumbi lote la Vingunguti, na vumbi ndani ya silinda ni msasa.

Dawa yake, akasema, ni kuchonga silinda na kuweka pistoni ya saizi 25, yaani robo ya milimita zaidi. Ikichoka tena unakwenda 50, halafu 75, halafu 100, na baada ya hapo silinda haina tena nyama ya kuchongwa, kama mbuzi wa supu wa hapa kwetu saa nne asubuhi. Tena ukishafunga ringi mpya, kilomita mia kadhaa za mwanzo uende kwa adabu, spidi ya kubadilisha badilisha, usiikamue, ili ringi zikae. Nilikuwa naondoka kesho yake.

"Fundi, hakuna ya haraka?"

"Weka oili nzito," akasema, kisha akacheka peke yake.

Tufike basi kwenye oili nzito, maana hapa ndipo wajuzi wa kijiweni walipo wengi. Mmoja atakwambia uchanganye na oili ya gia, ile inayomiminika kama asali. Moshi utapungua kweli, siku mbili tatu, na asubuhi ya baridi oili hiyo itachelewa kupanda juu kwenye valvu, vyuma vitasagana huku vinaisubiri. Mwingine atakwambia nunua ya gari, ni rahisi zaidi. Huyo hajui, au anajua na hakupendi, kwamba kwenye pikipiki oili ileile inalainisha injini, inalainisha gia, na ndimo clachi inamoogelea. Baadhi ya oili za magari madogo zimetiwa vilainishi vya kupunguza msuguano, na clachi bila msuguano ni mapambo: injini inalia, pikipiki haiendi. Wajapani waliliona hilo, mwaka 1998 wakatoa kiwango cha JASO, na alama ya MA kwenye kopo maana yake clachi yako haitateleza. Wa tatu atakuletea ya kidumu, bei nusu, haina nembo wala mdomo uliozibwa. Hiyo imechakachuliwa. Itafaa kupaka mirunda.

Mimi niliweka 20W-50 mpya, lita moja kamili, nikabaki na chenji na imani.

Barabarani, kumbuka kwamba adui wa ringi zilizochoka ni mwendo wa kasi usiokatika. Foleni tunayoitukana kila siku ndiyo ilikuwa inazilinda. Ukishavuka Kibaha na njia ikafunguka, unashika themanini, tisini, saa nzima mkono haujaregea, injini inapozwa na upepo na hiyo hiyo oili inayopungua. Mtu pekee anayejali ringi zako ni trafiki mwenye tochi. Kila kibao cha hamsini kati ya Mlandizi na Chalinze ni mapumziko ya injini, na ukipigwa faini ihesabu kama matengenezo.

Hesabu ya pikipiki yangu ilikuwa nyepesi, ningeifanya. Kwa mwendo ule ilikuwa inakunywa kama mililita mia kila kilomita mia. Morogoro, karibu kilomita 190, imeshakula kikombe. Ilula, nusu lita kasoro kidogo. Nusu lita kwenye gari ni hasara. Kwenye chombo cha lita moja ni nusu ya damu.

Pale Morogoro sikupima kwa sababu nilikuwa na njaa. Mikumi sikupima kwa sababu barabara inapita katikati ya hifadhi kama kilomita hamsini, na sijaona mwanamume wa kuinama kuchungulia kijiti cha oili huku nyati anamchungulia yeye. Ruaha Mbuyuni nilisimama, na hapo sina cha kujitetea. Mfukoni nilikuwa na elfu kumi na mbili. Duka la spea lilikuwa mbele yangu, oili imepangwa. Pembeni yake akina mama wanauza vitunguu, vyekundu, vinang'aa. Nikasema mwana hawezi kuingia kwao mikono mitupu. Nikanunua vitunguu. Kupeleka Ilula, ambako vitunguu na nyanya ndivyo vinavyosomesha watoto.

Kitonga ilinipokea kwenye kona za juu. Kwanza nguvu zikaisha, nikashuka gia hadi ya pili. Kisha ikaanza sauti ya kokoto ndani ya sufuria. Kisha ikazima, nami nikabaki pembeni na mfuko wangu wa vitunguu, malori yananipita taratibu kama msafara wa mazishi. Lori moja lilikuwa limesimama kupoza injini. Utingo wake akaja, akachomoa kijiti, akakiangalia, akaniangalia mimi.

"Dogo, hapa umepanda kwa maji ya Mungu."

Alinimiminia oili ya lori kutoka kwenye galoni lao, tukasubiri injini ipoe karibu saa nzima. Plagi ilikuwa imelowa oili, nikaifuta kwa soksi. Ikawaka. Nikampa vitunguu, vyote.

Kwa hiyo niliingia kwetu mikono mitupu, ila si kimya kimya. Mzee alikuwa amekaa nje. Moshi ulifika kabla yangu.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Umetuletea mashine ya kusaga?"

Kesho yake nikamwaga oili uani. Mzee alikinga kopo bila kuuliza, akapaka nguzo za banda la mbuzi kuzuia mchwa. Katika safari nzima hiyo ndiyo oili iliyofanya kazi iliyokusudiwa.

Kurudi ni kuteremka, na kuteremka nako kuna siri zake. Ukishuka Kitonga umefunga moto huku gia imeingia, silinda inavuta kwa nguvu na haipati hewa, hivyo inanyonya oili kupitia sili za valvu kama zimekauka. Chini kabisa ukivuta moto, wingu linatoka. Langu lilikuwa kubwa hata basi la nyuma likawasha taa. Nikajua kumbe zilikuwa ringi na sili pia. Huko nyuma nilikuwa na ugonjwa mmoja tu.

Mwongozo unamalizikia kwenye kuuza. Mnunuzi akisema anakuja saa mbili, washa pikipiki saa moja, moshi wa asubuhi uishe wenyewe. Iegeshe eksozi ikitazama upepo wa machinjio, harufu nyingine zifanye kazi. Mwache aangalie tairi. Wanunuzi wote huangalia tairi.

Wangu alikuwa kijana mpole. Alipungukiwa elfu hamsini, nikamsamehe. Wakati anahesabu pesa nikamuuliza anaichukua kwa kazi gani, hapa mjini au wapi.

"Sikukuu naenda nayo nyumbani, kaka. Songea."

Nikaingia ndani, nikamletea chupa mbili za oili bure. Akanishukuru sana, akasema watu wema bado wapo.