Kila Msaada Una Dipoziti Yake

Nchi hii imejaa watu wanaotaka kunisaidia kununua nyumba. Taabu ni kwamba kila mmoja anataka nianze mimi.

Nyumba yenyewe haina makuu. Vyumba viwili, orofa ya sita, nje kidogo ya Nairobi, shilingi milioni 3. Wenye mradi wanataka asilimia 10 kwanza, yaani laki tatu, mengine tutazungumza baadaye. Kodi niliyokwisha kulipa maishani imezipita laki hizo zamani, lakini kodi haina shukrani. Kila tarehe 5 mwenye nyumba wangu hunitazama kama mgeni aliyeshuka jana kwenye basi la usiku.

Nilianza na serikali, kwa kuwa yenyewe ilishaanza na mimi. Kila mwezi hunikata asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za bei nafuu, na mwajiri wangu hutoa kiasi hicho hicho. Kwa mtu wa mshahara wa 100,000, hizo ni 3,000 kwa mwezi. Miezi mia moja, laki tatu kamili! Hesabu tamu, ila si yangu. Mswada wa fedha wa 2023 ulipopelekwa Bungeni, tuliambiwa tutachangia asilimia 3 na siku moja pesa zetu zitarudi. Ulipotoka huko, 3 imekuwa 1.5, na habari za kurudi zimepotelea njiani. Mahakama Kuu ikasema makato hayo yanakiuka katiba, tukashangilia. Kufika Machi 2024 sheria mpya imetiwa saini, na hati ya mshahara imerudia hali yake. Kwa hiyo namlipia nyumba mtu nisiyemjua. Namwombea heri, na akihamia asikose kunialika chai. Mimi naelekezwa nijisajili kwenye Boma Yangu, tovuti ya serikali ya nyumba hizo, nifungue akiba ya hiari, niweke dipoziti yangu kidogo kidogo. Kutoka wapi? Kwenye yale yaliyosalia baada ya kukatwa.

Sacco yetu ina utu zaidi. Itanikopesha mara tatu ya akiba yangu, maana yake nikitaka laki tatu sharti niwe na moja, pamoja na wadhamini. Tangu nitamke neno wadhamini, wenzangu ofisini wanakwenda kula kwa zamu. Yule tuliyezoea kugawana mandazi akiniona anaweka simu sikioni, na simu yenyewe imezimwa.

Akatokea mjuaji mmoja na habari njema: sheria inaniruhusu kuchukua hadi asilimia 40 ya akiba yangu ya uzeeni ninunue nyumba ya kuishi, mradi isizidi shilingi milioni 7. Isizidi! Nilicheka mpaka mhasibu akaja kuniangalia. Asilimia 40 ya uzee wangu inanunua mlango, tena bila kitasa.

Lakini wanaoniudhi hasa ni jamaa zangu, maana sisi ni watu wa mchango. Binamu akitangaza arusi asubuhi, kufikia jioni kuna kundi la WhatsApp lenye mwenyekiti, mweka hazina na orodha ya ahadi. Tutachangia hema, tutachangia keki ya ghorofa tano, kila ghorofa na mfadhili wake. Mtu akifa, jeneza litapatikana la bei ya pikipiki. Mtu akiwa hai na anatafuta pa kulala, kila mmoja ana mkutano. Nilifungua kundi langu nikaliita "Dipoziti". Wakatoka mmoja mmoja, wengine bila hata salamu. Aliyebaki ni shangazi, na baadaye nikasikia simu yake ilianguka kisimani.

Baba mdogo angalau alinipigia.

"Orofa ya sita?"

"Ndiyo, baba."

"Na ukifa tukuzike wapi, kwenye ngazi?"

Nikamweleza kwamba kwa sasa shida yangu ni ya kuishi. Akasema shamba la babu lipo, nijenge huko, mwanamume ni boma lake. Shamba hilo liko mwendo wa usiku kucha kutoka kazini kwangu, na wajukuu wa babu wanaoligombania wanatosha kuunda timu mbili za kandanda na marefa wao.

Mama ndiye aliyenionea huruma. Alisema ana ng'ombe wawili wakubwa, wakiuzwa watasukuma jambo. Nilikuwa nimeanza kumpa baraka zote ninazozijua aliponikatiza: ng'ombe hao amewatengea mahari, basi nimalize hilo kwanza, tukipunguziwa huko atakayebaki tutamuuza.

Nikafunga safari hadi kwa baba wa mchumba wangu. Mzee alinisikiliza kwa upole, akaagiza chai, akaisubiri iletwe, kisha akauliza swali moja tu: "Mwanangu, unakaa kwako au umepanga?"