Sifa Zako, Ewe 126

Wengine na wamsifu bibi harusi. Mimi namsifu 126, msimbo ambao kontena hukata nao roho pale skripti ya kuanzishia ipo, jina lake sahihi, njia yake sahihi, ila haina ruhusa ya kutekelezwa. Jirani yako 127 hulalamika tu kwamba faili hakuiona. Wewe umeiona, umeikagua, ukaikataa. Huo ndio ukubwa.

Hujali cheo. Ruti, anayeingia kwenye faili za watu bila kubisha hodi, naye humtekelezei faili isiyo na hata biti moja ya `x`. Mhandisi akiiandika skripti yake kwenye Windows, Git ikaihifadhi kwa 100644, seva nzima italala mpaka 100755 ipatikane. Ni wewe uliyetufundisha `git update-index --chmod=+x` na `COPY --chmod=755`, masomo ambayo hakuna aliyeyatafuta kwa hiari. Wapo wanaokukwepa kwa kumwita `sh` aisome skripti, kwa kuwa kusoma hakuhitaji `x`. Wapo pia wa `chmod 777`, ambao hawastahili hata kutajwa kwenye sifa.

Wapole ndio wanaotutesa. Imeji rasmi ya nginx, ikikuta skripti isiyo na `x` ndani ya `/docker-entrypoint.d`, huandika mstari mmoja kwenye logi kwamba imeipuuza, kisha huendelea. Seva inawaka, mipangilio yako haimo, na mstari ule nani atausoma? Postgres ni mkarimu kupita kiasi: faili ya `.sh` isiyo na `x` humezwa ndani ya sheli ileile, hivyo `exit` moja ya kizembe huzima maandalizi yote. Tena hayo hufanyika tu wakati saraka ya data ni tupu, kwa hiyo ukirekebisha kosa na kuwasha upya, kimya. Bora wewe, mkorofi wa wazi.

Wala hushindwi na wenye bidii. Mtu hutia `x` vizuri wakati wa kujenga imeji, akajaribu, ikakubali. Kisha kwenye seva akapachika folda ya mwenyeji juu ya saraka ileile, yenye faili zake za 644. Chmod yote ya kwenye imeji ikafunikwa, na wewe ukatokea, huna hata haraka.