Hasidi Sikio la Kulia

Watu wanatembea na vibeti vyenye picha za wanamuziki, nikajiuliza Shaaban Robert wetu kakosa nini. Mtu kazaliwa Vibambani, hapa hapa Tanga, mwaka 1909, kaandika vitabu vilivyotutoa jasho kwenye mitihani, halafu hana hata hereni! Nikaamua kumtengenezea.

Mali ghafi ilikuwa vifuu vya nazi, ambavyo Tanga havinunuliwi. Nilivikata kwa msumeno, nikavipiga msasa hadi alama za vidole vyangu zikaondoka navyo. (Nilipokwenda kusajili laini ya simu, mashine ilinikana mara tano.) Nikachagua Adili na Nduguze, kitabu cha mwaka 1952, kwa hesabu nyepesi tu: nduguze ni wawili na masikio ni mawili. Kwa asiyekisoma, Hasidi na Mwivu walimtosa Adili baharini kwa kijicho, wakageuzwa nyani, na Adili akatakiwa awachape kila usiku. Basi nyani mmoja huku, wa pili kule.

Tabu ni kwamba nyani wangu hawakuwa nyani. Mume wangu aliwageuza juu chini, akanisifu kwa viazi vizuri. Ndipo nilipopasha msumari moto nikawachoma majina, herufi kubwa, mtu asipotee.

Jumamosi kulikuwa na harusi. Nikaketishwa mkekani katikati ya mawifi zangu wawili, na hapo mtu wa pwani keshajua yaliyofuata. Sisi huku hatuitikii salamu ya mtu kabla ya kusoma kanga yake. Wifi mkubwa, upande wa kulia, aliinama sikioni kwangu kama anayetaka kuninong'oneza.

"Ha-si-di," akasoma. "Mie?"

"Hapana wifi, ni Shaaban Robert huyo."

"Shaaban yupi? Na huyo Robert kaingiaje?"

Nikaanza kumsimulia kitabu. Nilipofika kwenye kuchapwa, akavuta ushungi wake na kugeukia pilau. Nikaona heri nimvue Hasidi, yaishe. Kosa kubwa! Wawili ni pambo. Mmoja ni ujumbe. Mwivu alibaki peke yake akimkodolea macho wifi mdogo, ambaye hadi dakika ile alikuwa akicheka.

Iliwachukua siku tisa kunijibu, na walinijibu kwa sare: kanga mbili za jina moja, ambalo silirudii hapa.

Sasa nimehamia Kusadikika ya Shaaban huyo huyo, nchi inayoelea angani. Natengeneza vipuli vya mawingu na siandiki neno. Zile za nyani bado ninazo jozi nne. Ukizitaka, njoo nikupigie msasa majina yatoke, sikutozi hela. Ukizitaka na majina yake, niambie kwanza utakaa na nani.