Boksi Langu Limeingia Kwaya

Jamani, boksi la pikipiki ni mtego. Mke wangu alivyoliona tu limekaa nyuma kwenye keria, orodha ya sokoni ikarefuka. Maparachichi ya Tengeru Jumatano, maparachichi ya Tengeru Jumamosi, dagaa, chumvi ya ng'ombe wa baba mkwe huko Ilkiding'a. Nikawa kifodi, tena kifodi kisicholipwa nauli.

Sasa njia ya Ilboru kuna tuta halina hata rangi. Mimi nikaruka, pikipiki ikaruka, boksi likabaki. Kifodi cha nyuma kikalipitia na tairi moja. Konda akatoa kichwa: "Mzee, dagaa wako hao wanavuka barabara!" Abiria wakacheka wote, na kiti cha mbele kakaa jirani yangu. Mlima Meru wenyewe, mita 4,566, umebomoka upande mzima wa mashariki na wageni wanalipa kuupanda. Boksi langu limebomoka pembe moja tu, nachekwa bure.

Nikaenda maduka ya spea. Kijana akauliza, "Pikipiki gani?" Nikajibu, nyekundu. Akashusha pumzi. "Boxer au TVS?" Nikamwambia atoke nje akaione mwenyewe, macho si anayo? "Boksi la lita ngapi?" Lita tena! Mimi nataka boksi, sitaki maziwa. Nikasema tano, nisionekane mshamba. Duka zima likageuka. Kumbe watu wanaongelea 30, 40, helmeti iingie na mfuniko ufunge.

Akashusha moja la Givi, la Waitaliano. Zuri mno, hata kuligusa niliomba ruhusa. Ila bati langu la kwenye keria halilikubali. Na hao Givi hata wenyewe kwa wenyewe hawaelewani: boksi la Monokey halikai kwenye bati la Monolock. Kwa hiyo ninunue boksi, ninunue na bati lake. Bei aliitaja. Masikio yangu yalikataa kuipokea.

Nyumbani nikapaka supa gluu. Ikashika vidole vyangu viwili na mfuniko wa sufuria. Boksi ikaliacha kama lilivyo.

Ndiyo nikaishia mtaa wa Unga Limited kwa chalii mmoja fundi wa plastiki. Akalipindua, akanionyesha pembetatu ndogo chini yake, namba 5, herufi PP. Miaka yote nilidhani ni jina la mwenye kiwanda. "Polipropilini hii, mzee. Gundi haishiki. Inachomelewa na ndugu yake." Ndugu yake ni nani? Akavuta kiti cha plastiki kilichovunjika mguu, akakata kijipande, akakiwasha na kiberiti, akakizima, akaninusisha. Harufu ya mshumaa. "Umeona? Damu moja."

Kisha akachukua drili akatoboa tundu mwisho wa ufa. Nikapiga kelele: limepasuka, na wewe unalitoboa! Hata hakuniangalia. "Ufa ukifika kwenye tundu unaishia hapo, mzee. Kaa pale." Pale penyewe ni juu ya tairi bovu. Nikakaa. Akayeyusha kwa chuma cha moto, akalaza vipande vya kiti, akabana na waya. Imara kweli! Ukipiga ngumi unaumia wewe. Nilijaribu.

Tatizo ni rangi. Boksi jeusi, kiraka cheupe, na kiti kile kilikuwa na maandishi mekundu mgongoni. Sasa nyuma ya pikipiki yangu pameandikwa KWAYA. Madereva wa bodaboda wananiita Mwalimu. Trafiki alinisimamisha, akasoma, akaniomba nianzishe pambio.

Jumamosi, Tengeru, naweka maparachichi, mama mmoja akasimama nyuma yangu kimya. Akapitisha kidole kwenye ile K. Kumbe mhazini wa kwaya, na viti vyao vimepungua tangu msiba wa mwezi uliopita. "Kaka, kilichobaki umekikalia?" Nikaeleza pembetatu, nikaeleza namba 5, nikaeleza mshumaa. Watu wakajaa.

Nimewekwa sauti ya besi. Mazoezi ni Alhamisi saa kumi na moja jioni, na nimeambiwa nije na kiti changu.