Jinsi ya Kumkuza Binti Mbinga Bila Kulia Hadharani

Anza kwa kumpa jina la mama yako. Wanaume wengi wa Mbinga hufanya hivyo kwa furaha wakidhani wanalipa deni la heshima, na hupita miaka miwili kabla hawajagundua kwamba jina hilo halikemeki. Ukilipaza kwa hasira, bibi mwenyewe, aliyekaa barazani akichambua maharage, atainua kichwa na kuuliza amekosa nini. Basi utabaki kumwita mtoto "mama", naye atakuitikia kama mama kweli: ulikuwa wapi, umekula nini, na mbona umerudi usiku. Mwongozo huu ni wa baba aliyekwisha kufika hapo. Mwenye watoto wa kiume watupu akasome habari za kahawa.

Ukitaka mambo yawe magumu zaidi, oa ziwani. Mimi nimeoa huko. Upande wangu ni Wamatengo wa milimani, watu wa sweta na jembe. Upande wa mama yake ni Wanyasa wa Liuli, watu wa mtumbwi, dagaa na ugali wa muhogo. Katikati yetu kuna kilometa 66 za lami kutoka Mbinga mjini hadi Mbamba Bay, barabara inayokutoa kwenye mwinuko wa zaidi ya mita elfu moja na kukushusha hadi chini ya mita 500, hata sweta linavuliwa ndani ya basi. Mtoto wa pande hizi mbili ana ratiba mbili za kukua, na kila upande unaamini kwamba ule mwingine unamchelewesha.

Siku ya kliniki mbebe mwenyewe. Akina mama kwenye benchi watakusogezea nafasi kwa huruma, wakidhani mwenzako ni mgonjwa. Usikanushe mpaka umehudumiwa. Mtoto akining'inizwa kwenye mizani atalia. Kazi yako ni kuangalia mstari wa uzito kwenye kadi. Ukipanda, sema amechukua upande wetu. Ukishuka, uliza kwa upole kama kule ziwani huwa wanakula. Shika tarehe mbili tu kichwani, chanjo ya surua ya miezi 9 na ile ya miezi 18, na uzitaje mbele ya wakwe kwa sauti ya mtu anayezijua na nyingine zote. Nyingine zote anazijua mama yake.

Kutambaa hakuna maelekezo. Atatambaa siku uliyokwenda mkutano wa AMCOS, chama chetu cha ushirika, kuulizia malipo ya kahawa, na ukirudi utaonyeshwa kana kwamba ndiyo mara ya kwanza. Shangaa vizuri. Kumbembeleza usiku nako usijitese sana: huna sauti ya marehemu Kapteni John Komba, aliyekuwa mbunge wa huku kwetu, na mtoto anajua kwamba huna. Jino la kwanza litakung'ata. Likija kung'oka miaka kadhaa baadaye, atataka ulirushe juu ya paa kama walivyofanya wazee. Paa la nyasi lilikuwa likilipokea jino kimya kimya; bati hulirudisha. Utalitafuta gizani kwa tochi ya simu na kulirusha tena, na tena, huku majirani wakijiuliza nani anawapiga mawe.

Sasa tuje kwenye maji, ambako ndiko baba wa milimani anakopimwa.

Likizo ya Desemba utampeleka Liuli kwa bibi yake. Atakuwa bado hajashusha begi, na binamu zake watakuwa wamekwisha mvua viatu. Kule mtoto hafundishwi kuogelea. Anatumwa kuosha sufuria ziwani pamoja na wenzake, na sufuria zinaporudi safi, yeye amekwisha jua kuogelea. Wewe utasimama mchangani na suruali umeikunja hadi magotini, ukitoa amri. Amri zinazofaa ni mbili: "Usiende mbali!" na "Nimekuona!" Zitoe kwa zamu, kwa sauti nzito, na hakuna atakayegundua kwamba wewe mwenyewe ukiingia kiunoni unaanza kusali. Usisogee kwenye maji zaidi ya hapo. Heshima ya Wamatengo inakutegemea.

Kuna jambo moja ambalo hupaswi kulisoma kabla ya safari: kwamba Ziwa Nyasa, mahali penye kina kirefu kuliko pote, lina takriban mita 700 kwenda chini. Ukishalisoma huwezi kulisahau, na utalitaja mbele ya mama mkwe. Yeye hatakusemesha moja kwa moja, maana mkwe hasemeshwi ovyo, atamwambia mtoto, "Mwambie baba yako hapo unapoogelea maji yanaishia kifuani." Na mtoto atakuambia, neno kwa neno, mbele ya wajomba zake wanaotengeneza nyavu. Lakini habari za mamba na viboko usizifanyie ujasiri wala mzaha. Waulize wenyeji ni wapi watoto huoga na saa ngapi, ukubali jibu lao hata kama amekujibu mtoto wa miaka tisa.

Ipo siku atazama makusudi na kuibukia ng'ambo ya mtumbwi, anacheka, maji yanamtoka puani. Wewe utakuwa umebana pumzi muda mrefu kuliko yeye. Binamu zake watapiga makofi, halafu watakutazama wewe kuona kama na wewe utaingia. Kumbuka ghafla kwamba kuna mtu ulimwahidi kumpigia simu, na kwamba mtandao unapatikana karibu na barabara.

Habari hizo zikifika milimani, mama yako hatanyamaza. Atasema mtoto amefundishwa kuwa samaki, sasa afundishwe kuwa mtu, na kwa mama wa Kimatengo mtu ni anayejua ngolo, kilimo chetu cha mashimo. Atatafutiwa kijembe kidogo chenye mpini uliokatwa. Mimi na wewe tunajua mgawanyo wa kazi ulivyopangwa na mababu: mwanaume hufyeka nyasi na kuzilaza kwa miraba kwenye mteremko, kisha hupumzika kivulini na kusifu kazi yake. Wanawake ndio wanaochimba katikati ya kila mraba na kufunika nyasi kwa udongo, mpaka mlima mzima unajaa mashimo yanayoshika mvua isiondoke na shamba. Miaka ya 1990 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Sokoine pamoja na Wajapani walikuja kuyachunguza mashimo haya, wakaandika mengi juu ya namna yanavyozuia mmomonyoko wa udongo. Walipima kila kitu isipokuwa mgongo wa bibi.

Binti yako atachimba shimo lake la kwanza msimu wa maharage, na litakuwa limepinda. Lisifu. Kisha atakuuliza mbona wewe umekaa. Swali hilo halina jibu katika mwongozo huu wala katika mila. Lililo bora ni kusimama, kuchukua jembe, na kuchimba huku ukimwomba Mungu kwamba mwenyekiti wa kitongoji asipite. Akipita, mwambie unamwonyesha mtoto. Mtoto atamwambia ukweli.

Komunyo ya kwanza nitaipitia upesi, maana kila Mkatoliki wa jimbo letu anaijua: gauni jeupe, shela jeupe, viatu vyeupe, na udongo mwekundu wa Mbinga wakati wa mvua. Mbebe mgongoni kutoka nyumbani hadi kanisani. Mara ya mwisho ulimbeba hivyo alikuwa mwepesi.

Shule ndiyo itakayokumaliza. Hatari haiko kwenye ada, kwa kuwa tangu mwaka 2016 elimu ya msingi hadi kidato cha nne haina ada, ingawa kuondolewa kwa ada hakujawahi kuondoa michango. Hatari iko kwenye kusoma kwenyewe. Kwa miaka yote ya ndoa yako umekuwa ukirudi kutoka AMCOS na karatasi ya malipo ya kahawa mfukoni, ukimweleza mkeo takwimu kwa mtindo wako: kwanza makato, kisha hali ya soko la dunia, kisha uchovu, na mwisho kiasi. Siku moja binti wa darasa la tatu ataiokota karatasi hiyo, ataipeleka kwenye mwanga, na ataisoma kwa sauti ile ile anayosomea gazeti la ukutani shuleni. Atasoma kilo. Atasoma bei. Atazidisha bila kuombwa. Kisha atamuuliza mama yake, kwa nia njema kabisa, zile fedha nyingine ziko wapi.

Usimkatize. Mpongeze kwa hesabu na umwahidi kalamu mpya. Kuanzia hapo karatasi zako zitasomwa zote: ya pembejeo, ya mkopo, na ile ndogo ya kilabu cha pombe uliyodhani umeitupa. Serikali ina wakaguzi wake; wewe umejizalia wako.

Halafu atanyamaza. Hapo ndipo kina baba wengi hupotea njia, nami nitawapa mfano wa hapa hapa kwetu. Agosti 1914 huko Liuli, wakati huo ikiitwa Sphinxhafen, meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann ilikuwa imepandishwa ufukweni kwa matengenezo. Tarehe 13 ikaja meli ya Waingereza, Gwendolen, ya Kapteni Rhoades, ikafyatua mzinga. Mjerumani, Kapteni Berndt, alikuwa rafiki wa Rhoades wa siku zote, na walikuwa wakinywa pamoja. Husimuliwa kwamba alipanda mashua kwa hasira akamfuata kumuuliza kama amelewa. Hakuna aliyekuwa amempa habari kwamba vita vimeanza. Akatekwa papo hapo. Hivyo ndivyo baba anavyopata habari kwamba binti yake amevunja ungo. Mama anajua, shangazi aliitwa toka juzi, bibi amekwisha toa mafunzo yake, mpaka jirani muuza vitumbua anajua. Wewe unaingia jikoni, unauliza kwa nini mtoto hajakaa karibu yako leo, na nyumba nzima inakutazama kama Berndt ndani ya mashua yake.

Ukishatekwa, jifanye mfungwa mwenye faida. Nenda dukani kanunue taulo za kike. Usimtume mtoto wa kiume, usisubiri duka liwe tupu, na usinunue kwanza sabuni, chumvi na viberiti ili kuzificha katikati. Muuzaji atazifunga kwenye gazeti kana kwamba umenunua bangi. Mwambie haina haja. Bei ukiona imesimama juu, kumbuka kwamba kodi ya ongezeko la thamani kwenye bidhaa hiyo iliondolewa mwaka 2018 na kurudishwa mwaka 2019, kwa maelezo kwamba wanunuzi hawakuona nafuu. Njia ya kuwasaidia wasioona nafuu, inaonekana, ni kuhakikisha hawaioni kabisa.

Na hapa naomba niweke mzaha kando kwa sentensi chache. Chanjo ya kukinga saratani ya mlango wa kizazi ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018 kwa wasichana wa miaka 14. Tangu 2024 ni dozi moja kwa wenye miaka 9 hadi 14, na ni bure. Wapo watakaokuambia kilabuni kwamba inafunga uzazi. Hao hao ndio waliokuambia kahawa itapanda bei kabla ya Pasaka. Mpeleke.

Akifika kidato cha pili atatokea mtu mzima mwenye koti, amekuja "kusalimia tu", akisifu maua ya nyumba isiyo na maua. Mkaribishe kiti. Mpe kahawa yako mwenyewe, bila sukari, aone ilivyo chungu kazi tunayoifanya. Kisha mzungumze sheria. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 kuolewa kwa ridhaa ya wazazi. Rebeca Gyumi akaipeleka mahakamani, akashinda Mahakama Kuu mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo Oktoba 2019. Mwaka huo huo wa 2016 sheria ya elimu ilirekebishwa: anayemuoa mwanafunzi anakabiliwa na miaka 30 jela. Mwongezee kikombe ukifika kwenye miaka 30. Wengi hukumbuka kwamba wameacha pikipiki juani.

Linalobaki ni fomu ya kujiunga na shule ya bweni. Itataka godoro, ndoo, reki, fagio, jembe na kwanja, orodha ambayo itakufanya uulize kama amechaguliwa kusoma au kufungua shamba. Jembe analo. Bibi wa Liuli atatuma mfuko wa dagaa wakavu ambao utanukia basi zima hadi Songea, na bibi wa Mbinga atatuma maharage ili dagaa wasijione. Stendini usitoe hotuba, kwa kuwa atakuwa anaangalia kama wenzake wanawasikia. Zamani baba alisingizia vumbi. Sasa ni lami hadi Songea, na kisingizio hicho kimekwisha. Sema ni mafua. Januari huwa ni mvua, watakuamini.

Godoro linunue Mbinga mjini kabla ya Krismasi. Ukingoja Januari, wauzaji wote wa Songea wanajua unakwenda wapi, na bei inajua pia.